Marehemu Khelef bin Nadhir, Aliyekwenda Sur Kumtaka Marzouq

Sifa zote njema ni za Mola, aliyetuazima Khelef kwa miaka hamsini na miwili kisha akamtaka arudi kwake. Haya nimeyaandika mimi, Shukriya binti Nadhir, mdogo wake marehemu na ndugu yake wa pekee. Kwa wanawake ninayasoma mwenyewe hapa nyumbani, na kwa wanaume waliokaa sabla, kwenye baraza ya mtaa, anayasoma mwanangu Nadhir, wajina wa babu yake. Nadhir kaletwa huku Ibra, Oman, angali mdogo na Kiswahili kinamchenga, basi akikosea msimcheke. Karatasi hii imetolewa nakala na imewekwa pamoja na juzuu za khitma, kila mtu achukue yake. Na mimi nikirefusha mnivumilie, maana marehemu hakuwa msemaji, na mengi yake kaniachia mimi niyaseme.

Marehemu alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Mkunazini, tarehe 3 Oktoba 1934. Baba yetu akiuza vitambaa Darajani, na Mama akishona kofia. Khelef alikuwa mtoto mpole, mpole kweli, isipokuwa kwa mpira. Idi moja aliikata mikono ya kanzu yake mpya, akaijaza matambara akafanya mpira. Mama akamtandika, kisha akakaa kitako akaushona mpira ule vizuri usije ukafumuka, maana, alisema, kanzu imeshaharibika na mtoto anataka kucheza. Baba alipouliza kanzu iko wapi, hakuna aliyemjibu.

Alisoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, kisha skuli ya serikali mpaka darasa la kumi. Kiingereza alikijua sana, hesabu kidogo. Jioni alicheza winga wa kushoto viwanja vya Mnazi Mmoja, na waliomuona wanasema alikuwa na mbio lakini mashuti yake yakienda kwa majirani. Mwenyewe alikubali. Akisema, "Mimi sikuumbwa kufunga magoli, mimi nimeumbwa kumuona anayeweza kufunga." Tulimcheka, tukidhani anajitetea.

Tarehe 8 Julai 1961 alimuoa Bi Badriya, aliyekuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, na ndoa yao ilidumu mpaka siku ya mwisho. Mwenyezi Mungu akawaruzuku mabinti watatu, Azza, Aliya na Fawziya. Mtoto wa kiume hawakupata. Watu wakimpa pole, na yeye akiwauliza pole ya nini, mbona nyumba yake imejaa. Lakini mimi ni ndugu yake, nilimuona mara nyingi namna alivyowatazama watoto wa kiume wa wenzake.

Mwaka 1964 yakatokea yaliyotokea. Marehemu alikaa Mombasa, akakaa Dubai, na mwezi wa Machi 1971 sote tukafika Ibra, kwao babu yetu. Babu alikuwa akitusimulia kwamba Ibra ni pepo ya mitende. Loh! Tuliposhuka garini tuliona mawe, na nyuma ya mawe, mawe mengine. Mitende tukaja kuiona asubuhi. Tulikuwa wageni kwetu wenyewe, jamani. Kiarabu chetu kilikuwa cha vitabuni na cha kuvunjikavunjika, watoto wakitufuata njiani wakituigiza, na jina letu likawa moja tu, Wazinjibari. Marehemu hakukasirika. Alisema, "Tutafute kitu tukifanye pamoja nao, watatuzoea."

Mwaka 1972 alipata kazi idara ya maji kuwa karani na mkalimani wa wachimbaji visima, kwa ajili ya Kiingereza chake, na kazi hiyo aliifanya mpaka ugonjwa ulipomlaza. Huko ndiko alikokutana na mchimbaji mmoja Mwaustralia, mrefu, mwenye ndevu nyekundu mpaka kifuani, aliyeitwa na watu wa Ibra Bu Lihya, yaani Baba Ndevu. Bu Lihya alikuwa mpenzi wa mpira, lakini mpira wa kwao. Alimwambia marehemu kwamba wao wanacheza mpira wenye umbo la yai, katika uwanja wa mviringo kama sinia, na mtu anaruhusiwa kuudaka kwa mikono, tena anaruka juu ya mabega ya mwenzake kuudaka. Marehemu alikuja kutusimulia sisi chakula kikapoa. "Juu ya mabega!" akisema. "Na refa anatazama tu!"

Lakini kilichomshika hasa hakikuwa hicho. Bu Lihya alizaliwa Tasmania, kisiwa kilichoko kusini ya nchi yao. Alisema klabu kubwa zote ziko katika mji wa Melbourne, ng'ambo ya bahari, na klabu hizo zina watu wao wanaozunguka majimbo mengine kutafuta vijana. Wanakwenda mpaka nyumbani kwa kijana, wanakaa na wazee wake, wanakula keki ya mama yake, wanamuomba.

Marehemu akamuuliza, "Na nyinyi mnaobaki hamwoni uchungu kuchukuliwa mtoto wenu?"

"Tunaona," Bu Lihya akamjibu. "Lakini kijana wetu akishavaa jezi ya klabu ile, kisiwa kizima kinaivaa. Mama yangu hajafika Melbourne maisha yake, na klabu yake ikifungwa hapiki chakula cha usiku."

Subhanallah! Marehemu alirudi nyumbani siku ile kama aliyefunguliwa dirisha. Alimwambia Bi Badriya, "Unaona? Watu wa mbali, hawajuani, hawajaonana, na kijana mmoja tu anawafanya kuwa jamaa." Na mimi nakwambieni, mtu wa kisiwa alimfundisha mtu wa kisiwa mwenzake, huku jangwani, penye shimo la kisima. Kila nikikumbuka nastaajabu na kazi za Mungu.

Basi mwaka 1975 yeye na rafiki yake Harub na wenzao wachache wakaanzisha klabu ya Wadi. Harub ndiye aliyekuwa na gari, Land Rover ya kijani, na ndiye aliyenisimulia mengi ya haya. Klabu nyingine zilichukua vijana wa mtaani kwao. Marehemu alisema Wadi itatafuta kijana kila wilaya, na jezi itavaliwa na wilaya zote. Walimcheka. "Mzinjibari huyu ana wazimu," walisema, "anataka kuwaokota watu kama kuokota kuni."

Na alikuwa na utaratibu wake. Hakumfuata mchezaji uwanjani hata siku moja. Akishamuona anacheza, alikwenda kwa wazee wake, na Bi Badriya akaingia ndani kwa wanawake na sahani ya halua. Katika mji wa Al Kamil alimpata golkipa, mtoto wa muuza matairi kando ya barabara ya Sur. Kule Jalan Bani Bu Hassan alipata beki, na Nizwa akapata kiungo. Nyumba zote hizo za mwanzo zilikuwa za watu waliotoka Afrika kama sisi, wengine Burundi, wengine Kongo, na Kiswahili chao cha bara. Kahawa ikaletwa, ikanywewa, wakaulizana habari za huko, wakacheka, mtoto akatolewa. Marehemu akadhani nyumba zote za Oman ziko hivyo.

Na yaliyosemwa na Bu Lihya tukayaona kwa macho yetu. Beki wa Jalan alipocheza mechi yake ya kwanza, Ijumaa iliyofuata zilikuja pikapu kutoka Jalan, watu wamesimama nyuma wameshikana viuno. Watu wa Al Kamil wakaja. Watu ambao zamani walikuja Ibra kwa soko au kwa kesi tu, sasa walikuja kwa mpira, wakala kwetu, wakalala kwetu. Sufuria zangu zote zilikuwa kwa Badriya, na mpaka leo nyingine sijaziona.

Sasa nifike Sur, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa Septemba 1978 marehemu na Harub walikwenda Sur wakamuona kijana aitwaye Marzouq bin Sleyum akicheza kwenye kiwanja cha changarawe, miguu mitupu. Harub anasema marehemu hakupiga kelele wala hakuinuka. Alimshika Harub mkono tu, akamwambia taratibu, "Harub, mimi nimemuona." Kijana alikuwa hakimbii, alikuwa kama anateleza, na mpira ulimfuata kwa hiari yake.

Wakaenda kwa baba yake, Mzee Sleyum, fundi wa kuchonga milango, Mwarabu wa Sur, si mtu wa kutoka Afrika. Ndio mara ya kwanza marehemu kuingia nyumba kama ile kwa haja kama ile, na safari hiyo Badriya hakuwapo. Mzee Sleyum alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Khalaf, alikwenda Kuwait kufanya kazi, akapata ajali ya gari akafa huko, akazikwa huko huko, wazee wake hawakuliona kaburi. Alibaki Marzouq. Haya yote marehemu hakuyajua.

Wakakaribishwa, zikaletwa tende, ikaletwa kahawa. Na marehemu siku hiyo alikuwa anaumwa na jino. Gego lilikuwa limemvimba, na kitu cha moto hakipiti. Akaipokea finjani yake kwa heshima, akaiweka chini mbele yake, akangoja ipoe. Basi. Hilo tu ndilo alilolifanya.

Harub anasema watu wote barazani waliacha kula tende. Mzee Sleyum aliitazama finjani, akamtazama marehemu, akaitazama tena finjani. Kisha akasema kwa Kiarabu, "Kunywa, ewe Khelef. Haja yako tumeshaikidhi."

Marehemu akafurahi. Alimnong'oneza Harub kwa Kiswahili, "Watu wakarimu hawa! Hata sijasema kitu." Akainywa kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akasema haja yake, kwamba anamuomba Marzouq aje Ibra achezee Wadi, akae nyumbani kwake, ale anachokula yeye. Mzee Sleyum aliutazama mlango wa ndani. Ndani ilisikika sauti ya mwanamke, kisha ikakatika. Mzee akasema, "Neno limeshatoka." Akamwita kijana akamwambia afunge nguo zake.

Marzouq akaja Ibra. Alikaa nyumbani kwa kaka yangu, akala sahani moja naye, akamwita ami. Na mpira wake, jamani! Mimi mwanamke, mpira nilikuwa nikiutazama kutoka juu ya dari la nyumba ya Harub, na sijui kinachokatazwa na kinachoruhusiwa, lakini alipoupata mpira Marzouq nilijikuta nimesimama. Watu walinyamaza kwanza, wote, kisha ndio wakapiga kelele. Na Sur ikaja. Si pikapu, malori. Walikuja na ngoma zao na papa mkavu kwenye magunia, wakakaa upande mzima wa kiwanja, wakaimba jina la Wadi ya Ibra kama jina la mtaa wao. Mtu mzima wa Ibra, aliyekuwa hajatutolea salamu tangu tufike, alinijia mlangoni akaniambia, "Kaka yako kaileta Sur hapa." Machozi yalinitoka. Tulikuwa hatuitwi tena Wazinjibari. Tulikuwa watu wa Khelef.

Misimu miwili ikapita hivyo, mpaka ikafika fainali ya kombe, Ijumaa tarehe 14 Machi 1980, Wadi na timu ya Nizwa. Jumatano ya wiki ile marehemu alikwenda kwenye suluhu ya watu hapa Ibra. Kijana mmoja alikuwa amemgonga mtoto wa watu kwa gari akamvunja mguu, na jamaa zake walikwenda kwa baba wa mtoto kuomba asamehewe. Kahawa ikamiminwa. Marehemu akaona wale waombaji wote wameziweka finjani zao chini, zimejaa, hakuna anayezigusa. Akamuuliza mzee aliyekaa ubavuni kwake, "Mbona hawanywi? Wanaumwa?"

Yule mzee akamshangaa. "Wewe huijui desturi? Mwenye haja nzito haonji kahawa mpaka akidhiwe haja yake. Na mwenye nyumba akimwambia kunywa, kesha jifunga, hata akitakwa jicho lake atalitoa."

Marehemu alirudi nyumbani uso umemparama. Nilikuwapo, nilikuwa nasaidia kuchambua mchele. Hakukaa. Alisema, "Badriya, mimi nimemnyang'anya mtu mwanawe." Akatueleza. Harub alikwenda kuulizia kwa watu wa Sur waliokuwa mjini, akarudi na habari za Khalaf na kaburi la Kuwait, na kwamba Bi Mabruka, mama yake Marzouq, tangu siku kijana alipoondoka akitandika kitanda cha mwanawe kila usiku na kukitandua kila asubuhi.

Badriya akasema neno moja tu, "Mrudishe."

Viongozi wa klabu walipopata habari walikuja mbio. Walimwambia, "Bwana Khelef, mrudishe, hatukukatazi, lakini Jumamosi. Ijumaa ipite." Maneno ya akili, mtu mwingine angeyakubali. Hakuna aliyekusudia ubaya, tena kijana mwenyewe alikuwa anataka kucheza kuliko kula. Marehemu akawajibu, "Nilipokuwa sijui, nilikuwa sijui. Sasa najua. Kila saa ninayokaa naye tangu leo ni wizi." Ndugu zangu, mnajua kombe lile lilikuwa nini kwake? Ndilo lililokuwa linamfanya awe mtu wa hapa. Alijua anachokitoa.

Alhamisi alfajiri wakaondoka kwa gari ya Harub. Marzouq alikaa nyuma, njia nzima akilia kwa hasira. Walipofika, marehemu hata hakukaa kitako. Alisema, "Mzee Sleyum, mimi siku ile nilikuwa naumwa na jino."

Mzee hakufahamu. "Jino?"

"Jino. Kahawa ilikuwa ya moto. Mimi nimezaliwa Unguja, desturi yenu ya finjani nimeijua jana. Haja nzito sikuiweka mbele yako, niliweka kahawa ipoe. Mwanao nimemchukua bila ya haki, nimekuja kumrudisha."

Harub anasema Mzee Sleyum alimtazama shavu, kisha akaanza kucheka. "Jino!" akasema. "Subhanallah, jino!" Akacheka mpaka akajishika ukuta, na pale kwenye ukuta kicheko kikageuka kilio, mzee wa watu analia kama mtoto, na ndani Bi Mabruka akapiga vigelegele. Kisha mzee akajikaza akasema, "Neno langu nililitoa, na halirudi kwa sababu ya jino. Marzouq ni wako."

Marehemu akamwambia, "Kama ni wangu, basi mimi nakupa. Zawadi yangu utaikataa?"

Mzee akashindwa. Akamshika mwanawe mkono. Kisha, maana alikuwa mtu muungwana, akasema, "Kesho mna fainali. Mchukue acheze, jioni amrudie mama yake. Hili nalisema mwenyewe, kwa hiari yangu."

Na hapa ndipo ninapomstaajabia kaka yangu mpaka leo. Mlango umefunguliwa, baba mwenyewe kasema, kijana kesha simama tayari. Marehemu akasema, "La, mzee wangu. Nikiondoka naye leo, sitajua kamwe kama nilikuja kukurudishia mwanao au nilikuja kujisafishia mechi yangu." Akawaaga, akapanda gari. Harub anakiri kwamba alimtukana kutoka Sur mpaka Al Kamil.

Ijumaa tukafungwa mawili kwa moja. Lakini mchana ule, kabla mpira haujaanza, vumbi lilionekana kwenye njia ya Sur. Malori. Walikuja wote, jamani, wote, na ngoma zao, wanajua kijana wao hayupo, wanajua tutafungwa, wakakaa upande wao ule ule wakaimba Wadi mpaka filimbi ya mwisho na baada ya filimbi. Khabari ya yule mtu aliyemrudishia mzee mwanawe ilikuwa imeshazunguka Sur usiku kucha. Mimi sijaona kitu kama kile maishani mwangu, na sitaraji kukiona tena.

Ibra yenyewe je? Ibra ilimwambia, "Rudi Unguja kwenu." Walimtoa kwenye klabu aliyoianzisha, wakasema kauza mechi. Wengine waliosema hayo mmo humu leo, mmekula wali wa khitma. Kuleni, msione haya. Marehemu alikwisha wasamehe siku ile ile. Mimi bado, lakini kuleni.

Hakukanyaga tena klabu. Siku za Ijumaa alipanda juu ya dari akasikiliza kelele, na kwa kelele tu akijua nani kafunga. Marzouq naye alichezea klabu ya kwao Sur, na marehemu alipomsalimu njiani kijana aligeuza uso. Fainali ile ilimkaa rohoni. Hilo ndilo lililomuuma kaka yangu kuliko klabu, aliwahi kuniambia mwenyewe, "Shukriya, nimemrudisha kwa baba yake, na mimi amenipotea." Lakini watu wa Sur hawakuacha kuja. Wadi ikicheza na yeyote asiyekuwa Sur, walikuja, na wakishafika Ibra walipita kwanza nyumbani kumwamkia.

Kisukari kilimwanza mwaka 1983. Mwaka 1985 alikatwa mguu wa kulia chini ya goti, na mwezi wa Agosti 1986 figo zikachoka na akawa mtu wa kitandani. Badriya mwenyewe mgongo haumsaidii, mabinti wameolewa na wana watoto wadogo, na mwanamume mzima kumnyanyua si mchezo. Nadhir alikuwa kazini Maskati. Mashabiki wa Sur walipopita kumwamkia wakamuona ile hali, wakairudisha khabari Sur.

Siku ya nne yake mlango ulibishwa. Alikuwa Marzouq, na mfuko wa nguo. Sasa ni mtu mzima, ana ndevu. Aliuweka mfuko chini kizingitini. Akasema, "Shikamoo ami. Baba kanituma." Kiswahili hicho alikipata katika nyumba ile ile. Marehemu akamuuliza, "Kakutuma mpaka lini?" Marzouq akasema, "Hakuniambia mpaka lini."

Akaacha mpira wake, akakaa. Alimwogesha, alimbeba msikitini mgongoni siku za Ijumaa, alimkata kucha, alimlisha. Wakigombana kuhusu fainali ile mpaka mtu wa tatu aingilie kati, Marzouq akisema angelifunga mawili, marehemu akisema moja, lile jingine golkipa wa Nizwa angelidaka. Nilikuwa nikiwasikiliza kutoka jikoni, nikamshukuru Mungu. Kaka yangu alikuwa anakufa, na sikumuona na furaha kama ile tangu tutoke Unguja.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, Ibra, Jumanne tarehe 10 Machi 1987, sawa na mwezi 10 Rajab 1407, baada ya sala ya alfajiri, kichwa chake kiko pajani pa Marzouq, akitamka shahada. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Watu wa Jalan walifika, watu wa Al Kamil, watu wa Nizwa, na malori ya Sur yalipanga foleni mpaka sokoni, bila ya ngoma. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, lakini Nadhir kanieleza, na amelia akinieleza. Ilipofika wakati wa mtu kushuka kaburini kumpokea maiti, Nadhir alikuwa anavua viatu. Mzee Sleyum, ambaye sasa haoni vizuri na anashikwa mkono, akasema kwa sauti, "Mwacheni Marzouq ashuke. Khelef alimpokea kwangu mara ya kwanza kwa kutojua. Leo nimemleta mimi, na ninajua."

Marzouq akashuka, akampokea, akamlaza.

Marehemu ameacha mjane, Bi Badriya. Ameacha mabinti zake, Azza, Aliya na Fawziya, wakwe zake watatu na wajukuu saba. Ameacha mimi, mdogo wake, na Nadhir mwanangu. Ameacha rafiki yake Harub. Na jana, nilipokuwa naandika karatasi hii, nilipeleka mtu sabla kumuuliza Mzee Sleyum, jina la Marzouq niliweke wapi, kwa marafiki au kwa jamaa. Jibu likarudi, "Mwambieni Bi Shukriya aliweke kwa watoto. Mimi nimetoa." Basi na isomwe hivyo, hapa ndani na huko sabla: marehemu Khelef bin Nadhir ameacha mabinti watatu, na mtoto mmoja wa kiume.

Mola amkunjulie kaburi lake, amtie nuru, na alale salama. Amin.